Usiigawe Namba Kubwa Kabla ya Kuitazama

Msomaji mmoja wa Bungoma, aliye kidato cha nne, ameniandikia kwamba alikesha na kikokotoo akitafuta vigawo tasa (namba zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe) vya 999,999,999,999. Alipata 3 mara tatu, kisha 7, 11, 13 na 37, akabaki na 1,000,001, namba ambayo ilikataa kugawika kwa chochote alichojaribu. Anauliza kama hiyo ni namba tasa. Si tasa, ila swali lake limenifurahisha kuliko anavyodhani.

Nilipokuwa mwanafunzi Kakamega, kurasa za nyuma za daftari langu zilijaa migawanyo ya namba za aina hii. Mwalimu mmoja alilichukua daftari hilo, akalisoma mbele ya darasa kwa sauti ya kejeli, kisha akasema kwamba mambo hayo hayatahiniwi. Darasa zima liliangua kicheko, na sitadai kwamba nimesahau. Leo wazazi wa Kisumu wananiletea watoto wao jioni niwafundishe hisabati, na somo la kwanza ninalowapa ni lile lile lililochekwa.

Ndugu yangu wa Bungoma, namba yako ni 1,000,000 mara 1,000,000, ukitoa 1. Namba yoyote iliyozidishwa yenyewe, ukitoa 1, ni namba hiyo ikipunguzwa 1 mara namba hiyo ikiongezwa 1. Kwa hiyo, kabla hujagusa kikokotoo, tayari ni 999,999 mara 1,000,001. Ile ya kwanza, kwa njia hiyo hiyo, ni 999 mara 1,001, na 1,001 ni 7 mara 11 mara 13. Hapo ndipo ulipofika kwa jasho. Ile ya pili ni 100 mara 100 mara 100, kuongeza 1, na namba yoyote iliyozidishwa hivyo kisha ikaongezwa 1 hugawika kwa namba yenyewe ikiongezwa 1. Gawa basi kwa 101, upate 9,901. Kwa kuwa 100 mara 100 inapita 9,901, huna haja ya kujaribu namba tasa zaidi ya zile 25 zilizo chini ya 100. Zote zitashindwa, maana 9,901 ni tasa. Tena, ukipanga tarakimu za 1,000,001 katika makundi ya tatu tatu kutoka kulia, ukatoa na kujumlisha kwa zamu, utapata 1 kutoa 0 kuongeza 1, yaani 2; na kwa kuwa 2 haigawiki kwa 7, 11 wala 13, namba nzima haigawiki kwazo.

Kutazama umbo kwanza si ujanja wa mtihani. Mfaransa Édouard Lucas alionyesha mwaka wa 1876 kwamba 2 kwa kipeo cha 67, kutoa 1, si tasa, lakini hakutaja kigawo hata kimoja. Mwaka wa 1903, mjini New York, Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wenzake, na inasimuliwa kwamba bila kutamka neno alizidisha ubaoni 193,707,721 kwa 761,838,257,287, akapata 147,573,952,589,676,412,927, yaani namba ile ile ya Lucas, akaketi huku wakimpigia makofi. Kila kigawo cha namba hiyo ni lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 67, na jambo hilo peke yake hufuta sehemu kubwa mno ya namba ambazo mtu angezijaribu bure. Hata hivyo, inasimuliwa kwamba kazi hiyo ilimla Cole Jumapili za miaka mitatu. Vijana wetu wanaotaka jibu kabla chai haijapoa, na walimu wanaowaambia kwamba lisilotahiniwa halina maana, wangefaa kuiwaza kazi hiyo kabla ya kufungua mdomo.

Sasa jaribu 1,000,000,000,001. Usianze na 3. Itazame kama 10,000 mara 10,000 mara 10,000, kuongeza 1, kisha uvunje 10,001 kwa kuanza na 73. Kitakachobaki upande wa pili ni 99,990,001. Hicho kiache, ni tasa.