Mkono wa Baresi, na kura ninayoitoa kwa shingo upande

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa fupi: "Nani beki bora kuwahi kutokea Italia?" Chini yake mkatupangia majina matano, Scirea, Baresi, Maldini, Nesta na Cannavaro, na mbele ya kila jina mkaweka idadi ya makombe. Hapo kwenye makombe ndipo mliponichokoza. Franco Baresi ana medali ya Kombe la Dunia la 1982, na katika mashindano yale hakucheza hata dakika moja. Paolo Maldini aliichezea Italia mechi 126 na hana medali ya dhahabu hata moja ya timu ya taifa. Mkihesabu hivyo, mtamtuza mtu kwa kukaa na mtamnyima mwingine kwa kucheza.

Kwa hiyo la nani bora naliweka kando kwanza. Nitajibu lile ambalo mngeanza nalo: beki bora anafanya kazi gani? Maana huku kwetu beki hushangiliwa akibutua mpira ukatua jukwaani, na ukitaja beki wa Kiitaliano watu wanamkumbuka Claudio Gentile na ile jezi ya Zico aliyoichana mwaka 1982. Gentile alikuwa fundi wa kukaba mtu kwa mtu, silikatai hilo. (Alizaliwa Tripoli, Libya, kwa wale wanaopenda kujua nani kazaliwa bara letu.) Ila kumganda mtu ni kazi ya beki mmoja. Kazi ninayoisemea mimi ni ya mtu mmoja kuwachezesha wengine watatu, na hiyo ilikuwa ya Baresi.

Ya utotoni nayapita mbio. Alizaliwa Travagliato, mkoa wa Brescia, mwaka 1960. Inter walimchukua kaka yake Giuseppe, yeye wakamkataa kwa umbo dogo, akaenda Milan. Hata alipokomaa urefu wake ulikuwa sentimita 176 tu. Ligi Kuu alianza Aprili 1978, akiwa na miaka 17. Milan wakashushwa daraja 1980 kwa kashfa ya kamari, wakashuka tena 1982 kwa kucheza vibaya, naye hakuhama. Alistaafu 1997 akiwa na mechi 719 na mabao 33, na jezi namba 6 ikatundikwa.

Sasa kazi yenyewe. Hadi kocha Arrigo Sacchi anafika Milan mwaka 1987, Baresi alijulikana kama beki huru: anabaki nyuma ya wenzake, hakabi mtu maalumu, anafagia kinachopenya. Sacchi akamtoa huko nyuma akamweka kwenye mstari mmoja na wenzake watatu, na akamwonyesha mikanda ya Gianluca Signorini, beki aliyemfundisha Parma, ili aone anachotakiwa kufanya. Hebu fikirieni: beki wa timu ya taifa mwenye miaka 27 anaambiwa amtazame mtu wa daraja la pili. Wengi wangesusa.

Mstari ule unakwenda hivi. Timu nzima, toka mshambuliaji wa mbele hadi beki wa mwisho, ikae ndani ya mita 25 hadi 30. Mabeki wanne hawatazami watu kwanza, wanatazama mpira. Kama mwenye mpira amebanwa, ameinamisha kichwa au ametupa mgongo, mpira huo umefunikwa, hawezi kuutuma mbali. Hapo mstari unapanda, wote wanne kwa hatua moja. Kama mwenye mpira ameinua kichwa na hakuna anayembana, mpira uko wazi: mstari unarudi, mwili ukiwa upande upande, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, tayari kugeuka na kukimbia. Ukipanda wakati mpira uko wazi unajichimbia kaburi. Ukirudi wakati umefunikwa unawaachia viungo uwanja wa bure.

Kuusoma mpira kama umefunikwa au uko wazi kuna nafasi ya nusu sekunde, na anayesoma lazima awe mmoja. Wakisoma wanne kila mtu kivyake, mmoja atachelewa hatua moja, na mara nyingi ni beki wa pembeni wa upande usio na mpira, kwa sababu anaona mchezo uko mbali naye. Hatua yake hiyo moja inawahalalisha washambuliaji wote, maana kuotea ni kuwa mbele ya beki wa mwisho pasi inapopigwa, na beki wa mwisho sasa ni yeye. Ndiyo maana Baresi alikuwa akitoka kwa ukali na kuinua mkono. Watu walidhani ule mkono ni wa kumwomba mshika kibendera. Kwa mwamuzi ulikuwa ushawishi kidogo, ndiyo, lakini kufikia wakati unainuka Tassotti, Costacurta na Maldini walikuwa wameshapanda naye.

Mkumbuke pia sheria. Mpaka 1990 mshambuliaji aliyekuwa sambamba na beki alihesabiwa ameotea. Kuanzia mwaka huo akiwa sambamba ni halali. Mtego huu wa kupanda ili washambuliaji waotee ukapoteza upana wa mwili mzima wa mtu, na timu nyingi zilizouiga zikaanza kufungwa kama nyavu zimetoboka. Mwaka 1992 kipa akakatazwa kudaka pasi ya mguu ya mwenzake, na beki aliyezoea kurudisha nyuma kila anapobanwa akaumbuka. Milan ya msimu wa 1993/94, baada ya mabadiliko yote mawili, ilifungwa mabao 15 katika mechi 34 za ligi na ikachukua ubingwa ikiwa imefunga 36 tu.

Sacchi alikuwa na dawa ya wabishi. Aliwapanga kipa Giovanni Galli, Tassotti, Maldini, Costacurta na Baresi, watu watano, dhidi ya kumi wakiwemo Gullit, Van Basten, Rijkaard na Ancelotti. Kumi wale walipewa dakika 15 wafunge. Mpira wakinyang'anywa, wanaanza upya toka mita kumi ndani ya nusu yao. Hawakufunga. Jaribuni zoezi hili kwenye timu yoyote ya mtaani kwenu mwone: mabeki wasio na kiongozi hawamalizi dakika tatu.

Hadi hapa kura yangu mmeshaijua. Lakini siwezi kumtaja Baresi nikaikwepa Pasadena, fainali ya Kombe la Dunia kati ya Italia na Brazil, na nyote mnaijua, saa nne na nusu usiku kwetu, tarehe 17 Julai 1994. Kule California ilikuwa saa sita na nusu mchana, jua la utosi, watu elfu 94 uwanjani, muda umepangwa ili Ulaya waione jioni.

Turudi nyuma siku 24. Tarehe 23 Juni Italia inacheza na Norway karibu na New York. Kipa Pagliuca anakula kadi nyekundu dakika ya 21, Sacchi, sasa kocha wa Italia, anamtoa Roberto Baggio ili kipa wa pili aingie, na mapema kipindi cha pili Baresi anaumia goti. Gegedu imechanika. Akapasuliwa hukohuko New York. Wanaoshangaa alirudije haraka hivyo wajue kuna namna mbili. Gegedu ikishonwa, mtu anakaa miezi, kwa sababu lazima iunge. Ikipunguzwa tu kile kipande kilichochanika, kupitia vitobo viwili vidogo, hakuna cha kusubiri kiunge, kinachosubiriwa ni uvimbe ushuke na paja lirudishe nguvu. Mchezaji wa kawaida hupewa wiki nne hadi sita. Tatizo liko kwenye lile paja: goti likijaa maji, msuli wa mbele hulala, na siku ya mechi goti linaweza kuwa zima huku paja likiishiwa mapema.

Costacurta alikuwa anatumikia adhabu ya kadi. Tassotti alikuwa amefungiwa mechi nane kwa kiwiko alichompiga Luis Enrique. Sacchi akamwanzisha Baresi, miaka 34, hajagusa mechi toka siku ile ya Norway, apambane na Romario na Bebeto waliokuwa wamefunga mabao manane kwa pamoja. Dakika ya 34 Mussi, beki wa kulia, naye akaumia, Apolloni akaingia kati, Maldini akasogea kushoto, Benarrivo akahamia kulia. Yaani Baresi akabadilishiwa jirani pande zote mbili mchezo ukiendelea. Ukiutazama mkanda, usimfuate Romario, mfuate namba 6. Romario akishuka kuutafuta mpira, Baresi hamfuati, anamwachia kiungo, yeye anabaki kwenye njia ambayo pasi inayofuata itapita. Ndiyo sababu mara nyingi anaonekana hakimbii. Anapokimbia, anafika kabla mpira haujatulia mguuni mwa mtu. Dakika 120, sifuri kwa sifuri. Haimaanishi Brazil hawakupata kitu: shuti la Mauro Silva lilimponyoka Pagliuca likagonga mwamba, na kwenye muda wa nyongeza Romario alikosa la wazi baada ya krosi ya Cafu.

Kisha misuli ikamkaza, kama ilivyotarajiwa kwa paja lile. Na mtu wa kwanza wa Italia kwenda kupiga penalti ni yeye. Mpira ukapaa juu ya mtambaa wa panya. Penalti hazikuwa ngeni kwake, aliwahi kuwa mfungaji bora wa Kombe la Italia msimu wa 1989/90 kwa mabao manne. Ila mguu wa kusimamia ukichoka unatua nyuma kidogo ya mpira, mwili unalala nyuma, na kiatu kinaingia chini ya mpira. Hakuna siri nyingine. Akapiga magoti, na baadaye akalia kama mtoto.

Hesabu yake lakini ni hii, na hapa vijiweni mnaonea watu. Márcio Santos alikosa papo hapo baada yake, Pagliuca akaokoa. Kosa la Baresi likawa limefutwa. Albertini, Romario, Evani, Branco, wote walifunga. Aliyeiweka Italia nyuma ni Massaro, mkwaju wake ulipookolewa na Taffarel. Dunga akafunga, Baggio akapaisha, 3 kwa 2. Anayelaumiwa hadi leo ni Baggio, aliyepiga wa mwisho.

Sasa, nikiwa naandika hili la Romario, likanijia jambo ambalo linaniharibia barua. Tarehe 18 Mei mwaka uleule, miezi miwili kabla, Romario huyohuyo alikutana na Milan jijini Athens kwenye fainali ya Ulaya, akiwa na Barcelona, pamoja na Stoichkov. Baresi hakuwepo, alikuwa na adhabu. Costacurta naye vilevile. Milan walipanga Tassotti, Filippo Galli, Maldini na Panucci. Nimetoka kuwaambia kwamba mstari bila msomaji wake unavunjika, na mstari ule ulishinda 4 kwa 0. Romario hakupata bao Athens, hakupata Pasadena ndani ya dakika 120, na beki aliyekuwepo mara zote mbili ni Maldini. Athens alicheza kati. Pasadena alianza kati akamalizia kushoto. Katikati ya mashindano, Baresi akiwa kitandani, ni Maldini aliyesimama kati dhidi ya Nigeria, Hispania na Bulgaria.

Mtaniambia Maldini alifundishwa kusoma mpira na Baresi, toka alipoingia timu ya wakubwa Januari 1985 akiwa na miaka 16. Kweli. Lakini mwanafunzi aliyeweza kuushika mstari mwalimu akiwa nje, kisha akaendelea hadi 2009, mechi 902, ubingwa wa Ulaya mara tano, mimi nitamweka wapi? (Naona nimeanza kuhesabu makombe. Yafuteni hayo.) Nayo ile fainali ya Ulaya ya 2005 alifunga ndani ya dakika ya kwanza, timu yake ikaongoza 3 kwa 0, na ikarudishiwa zote na Liverpool yeye akiwa palepale nyuma. Mstari uliokuwa na Baresi ungerudishiwa matatu ndani ya dakika sita? Nina mashaka, ila sina uthibitisho, na mpira wa 2005 tayari ulikuwa na tafsiri nyingine ya kuotea.

Basi mwandikieni Maldini kura yangu, kwa masharti. Ni kwa sababu mmeuliza beki, neno moja, bila kusema wa kati wala wa pembeni, na yeye peke yake katika majina yenu matano alifanya kazi zote mbili kwa kiwango cha fainali. Mkiligawa swali wiki ijayo, mabeki wa kati peke yao, hii ifuteni, na kwenye nafasi yake wekeni namba 6.