Gari kusumbua kuwaka baada ya kujaza petroli, msimbo P0496

Mkuu, kama linagoma kuwaka ukishajaza tu petroli, na mashine ya kupima gari imesoma P0496 (msimbo wa mvuke wa petroli kuvutwa kupita kiasi kwenda kwenye injini), achana na mfuniko wa tanki. Huo ukilegea huleta P0455 au P0457, misimbo ya mvuke kuvuja. Ninayemshuku ni vali inayopitisha mvuke kutoka kanista ya mkaa (kikopo chenye mkaa kinachonasa mvuke wa petroli wa tanki) kwenda kwenye injini. Chomoa soketi yake ya umeme, washa injini, toa mpira wa upande wa kanista, ziba tundu la vali kwa kidole. Bila umeme inatakiwa iwe imefunga kabisa. Kidole kikivutwa, imekwama wazi, badilisha. Na usishindilie mafuta pampu ya kituoni ikishakata yenyewe, petroli ikifika kwenye kanista huo mkaa unaweza kuharibika. Fundi akikimbilia kubadilisha pampu ya mafuta kabla ya kipimo hiki, mkatalie.