Cheti Nilichompa Kikawa Fimbo

Wiki iliyopita binti mmoja anayesomea ushauri nasaha huko Kakamega aliniandikia. Amesoma kwamba Marekani kuna watu walioajiriwa magerezani na katika ofisi za probesheni, yaani uangalizi wa wahalifu nje ya jela, kwa kazi moja tu: kukaa na wanaume waliotiwa hatiani kwa kuwapiga wake zao, wiki baada ya wiki, hadi tabia ibadilike. Akaniuliza, "Madam, nawezaje kufanya kazi hiyo hapa kwetu, na nifanye nini ili niwe kama wewe?"

Swali la kwanza lina jibu. La pili lilinikosesha usingizi, kwa sababu anayetaka kuwa kama mimi hajasikia habari za Ouma.

Majina nimeyabadilisha, na gereza silitaji. Ni huku kwetu upande wa ziwa, yatosha.

Nilianza kama wengi wetu tunavyoanza, na kikundi cha kanisa kilichopeleka sabuni na karatasi za choo gerezani kila Alhamisi. Tukiimba, tukiomba, tukirudi Kisumu mjini. Baadaye nikasoma stashahada, kisha shahada ya jioni, nikapata nafasi ya kuwa mshauri. Miaka ya katikati nairuka. Ilikuwa ya makaratasi na nauli.

Kilichonisumbua tangu mwanzo ni somo tulilokuwa tukiwapa wanaume hawa. Tuliliita kudhibiti hasira. Vuta pumzi, hesabu hadi kumi, toka nje utembee. Nikawa nawatazama. Mwanamume aliyemtoa mkewe meno hakuwahi kumgusa mwajiri wake hata alipocheleweshewa mshahara miezi mitatu. Afande akimfokea asubuhi anasema "ndiyo afande" na kuinamisha kichwa. Kumbe kuhesabu hadi kumi anajua sana. Anahesabu mchana kutwa, kwa kila mtu, na anaacha kuhesabu akifika mlangoni kwake.

Nikatafuta wengine wanafanyaje. Mji wa Duluth, jimbo la Minnesota huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikaa na wanawake waliopigwa na kuwasikiliza, kisha kutokana na maelezo yao wakachora gurudumu. Katikati ya gurudumu hakuna hasira. Kuna mamlaka na udhibiti. Njiti zake ni vitisho, kumtenga mke na watu wake, kumbana pesa, kumtumia mtoto kama chambo, kumdharau. Kipigo ndicho tairi linaloshikilia vyote. Nililichora nyuma ya kalenda kuukuu nikaweka mambo ya kwetu: anayesoma jumbe za M-Pesa za mkewe kila jioni, anayemkataza chama cha akiba cha wanawake, anayesema "ng'ombe wangu wa mahari wako kwenu". Sheria yetu ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa kifamilia inasema vivyo hivyo, kwamba kumbana mtu kiuchumi na kumtisha ni ukatili hata kama hakuna damu. Wanaume wengi huisikia kwa mara ya kwanza wakiwa wamevaa sare za jela.

Jambo la pili nililoligundua sikulipata kitabuni. Nililisikia katika Kiswahili chao. Mfungwa wa wizi hukwambia "niliiba". Huyu wetu hasemi "nilimvunja". Anasema "mkono ulivunjika". "Meno yalitoka." "Aliumia." Lugha yetu inampa mtu mlango wa nyuma: kitendo kipo, mtendaji hayupo. Nikafanya hiyo kuwa kazi yangu nzima. Kila mtu katika kundi aseme kitendo chake kwa "ni-", mbele ya wenzake, bila pombe, bila shetani, bila "tulikuwa tukivutana".

Ouma alikuwa fundi wa mbao, mpole, kifungo cha miezi 18 kwa kumjeruhi mkewe. Vikao vilikuwa 12, kimoja kwa wiki.

Kikao cha kwanza alisema, "Madam, mkono ulivunjika." Nikamuuliza nani aliuvunja. Akasema mke alianguka. Cha tatu, ilikuwa chang'aa. Cha nne, ni maneno ya mama mkwe. Kikao cha sita alikaa kimya muda mrefu, akikwangua rangi ya vanishi iliyokuwa bado chini ya ukucha wa dole gumba. Kisha akaushika mkono wake wa kushoto mahali pawili, karibu na kiwiko na karibu na kifundo, kama mtu anayepima ubao kabla ya kuukata juu ya goti. Akasema, "Nilimshika hapa na hapa. Nilimvunja."

Hakuna aliyekohoa. Afande aliyekuwa mlangoni aliacha kuchezea funguo.

Siku hiyo nililia kwenye matatu kutoka huko hadi Kondele. Nilijua nimeona mtu akigeuka. Mwaka mzima nilisimulia kisa hicho kwenye semina na nikapigiwa makofi, na nakiri kwamba niliyapenda makofi hayo. Nilikuwa nimefanya kazi kwa bidii na nilitaka mtu aione.

Alipomaliza vikao nilimpa cheti. Kilikuwa na ukingo wa rangi ya dhahabu na jina lake kwa herufi kubwa, na maneno niliyachagua mwenyewe: amekamilisha mafunzo na amebadilika. Nikaongeza barua kwa chifu wa kwao.

Mkewe nilikuwa sijawahi kuzungumza naye hata mara moja.

Mama Achieng alikuwa amehamia chumba cha kupanga Nyalenda na kuuza omena soko la Kibuye. Alikuwa amepiga hesabu zake: miezi 18, ndani ya muda huo atakuwa amekusanya pesa ahame na watoto mbali zaidi. Hakuna aliyemwambia habari ya rimisheni, kwamba mfungwa mwenye mwenendo mzuri hupunguziwa thuluthi moja ya kifungo. Miezi 18 ni 12. Wafungwa wote wanaijua hesabu hiyo kabla ya chakula cha kwanza cha jela. Wake zao hawaijui. Yeye alimwona Ouma amesimama mbele ya meza yake ya omena, amenyoa, ana shati safi.

Ouma alikuwa amepitia nyumbani kwao kwanza. Cheti alikuwa amekitia plastiki ngumu kisiharibike. Wazee walikipitisha mkono kwa mkono, mchungaji akakisoma kwa sauti, na kaka zake Mama Achieng, ambao hawakutaka kusikia habari ya kurudisha ng'ombe, wakamwambia dada yao, "Serikali imemtibu. Unataka nini tena?" Akarudi.

Kile cheti kilitundikwa ukutani juu ya meza ya televisheni. Akimkatalia jambo, Ouma alikuwa akikionyesha kwa kidole. "Mimi nimesomeshwa. Wewe ndiye hujasomeshwa." Hakuinua mkono kwa miezi miwili. Hakuwa na haja, kwa kuwa alikuwa na karatasi yangu. Siku alipoinua, alivunja taya.

Mama Achieng ndiye aliyenitafuta. Aliingia ofisini kwangu na bahasha ya kaki, akazungumza meno yakiwa yamefungwa kwa waya, kwa hiyo ilinibidi niinamie meza ili nimsikie. Akatoa cheti, akakiweka mbele yangu.

"Nimekurudishia kitu chako," akasema. "Namba yangu ilikuwa kwenye faili. Wiki 12 ulimsikiliza yeye. Mbona hukunipigia?"

Nilianza kumweleza kuhusu kikao cha sita, jinsi mumewe alivyosema mwenyewe, "nilimvunja". Nilidhani litamfariji. Alinitazama kwa muda.

"Hilo neno alikuwa akiniambia tangu zamani. Nikichelewa kutoka sokoni: nilikuvunja, nitakuvunja tena. Wewe ulidhani ametubu?"

Nimekaa na wanaume zaidi ya 200 tangu nianze kazi hii, na hakuna aliyewahi kunifundisha kitu kikubwa kuliko mwanamke huyo kwa dakika kumi. Nilichokipokea kama toba kilikuwa tishio lililobadilishiwa msikilizaji. Mimi sikuwa na namna ya kulitofautisha, kwa kuwa aliyelijua alikuwa Kibuye akipima omena kwa kopo, na mimi sikumpigia.

Nieleze pia lililoniuma upande wa pili, maana bado linaniuma. Kabla ya haya yote niliwahi kuomba pesa kidogo za simu ili niwasiliane na wake. Nikaambiwa, "Mteja wako ni mfungwa, si familia yake." Baada ya kisa cha Ouma nikashauriwa nisikisimulie, kwa kuwa vyeti vile vilikuwa na nembo ya mfadhili. Nilinyamaza miaka mitatu. Huo unyamavu ni wangu, siwasingizii waliouomba.

Kwa hiyo, binti yangu wa Kakamega, ushauri wangu ni huu: mpigie mke simu. Mpigie kabla hujakutana na mumewe, mpigie vikao vikiendelea, mpigie akishatoka. Ukisahau mengine yote niliyoandika, hilo ulikumbuke.

Usimuulize kama mume amebadilika. Swali hilo atajibu anavyotarajiwa kujibu, hasa mama mkwe akiwa pembeni. Muulize: unaweza kumkatalia kitu akalala bila ugomvi? Pesa za biashara yako anazishika nani? Simu yako huwa inakaa wapi usiku? Chunga saa unayopiga. Akipokea mwanamume, umekosea namba, kwaheri. Na alichokwambia mke kisifike kwa mume hata kwa kidokezo, hata kwa swali linalonukia, kwa sababu wewe utarudi nyumbani kwako na yeye atabaki na mumewe. Akikataa kuzungumza nawe, heshimu. Ameshaamriwa vya kutosha.

Mwambie tarehe halisi ya kutoka. Keti naye mkaipige hesabu ya rimisheni kwenye karatasi. Mwambie kwamba mahakama inaweza kumpa amri ya ulinzi inayomzuia mume asikaribie nyumba, na kwamba 1195 ni namba ya bure ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili, mchana na usiku.

Vyeti, usitoe. Mimi sasa natoa barua ya mahudhurio tu: alikuja tarehe hizi, hakuja tarehe hizi, basi. Hakuna neno "amebadilika". Jimbo la California, mwanamume aliyehukumiwa kwa kosa hili akapewa probesheni huhudhuria vikao wiki 52. Mimi nilitangaza Ouma amepona kwa wiki 12, tena ndani ya kuta ambamo hapakuwa na mke wa kumkatalia kitu.

Na nyinyi wachungaji, wazee na kaka mnaosoma hapa. Takwimu za utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 zinasema asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wafikie miaka 15, na Bungoma, jirani zetu hapa, ndiyo iliyoongoza. Hao si watu wa mbali. Ni dada zenu mnaowarudisha kwa sababu ya ng'ombe. Mtu akiwaletea karatasi kutoka gerezani, msiisome kwa sauti. Mwiteni dada yenu kando, peke yake, mumuulize anataka nini, halafu mkubali jibu lake hata likiwagharimu ng'ombe hao.

Kuhusu ajira yenyewe nitasema kifupi. Tangazo la kazi lenye jina ulilolisoma huko Marekani sijawahi kuliona hapa kwetu. Mlango ulio karibu zaidi ni Idara ya Probesheni, kwa kuwa korti inaweza kumweka mtu chini ya uangalizi kuanzia miezi sita hadi miaka mitatu, akiwa nyumbani, mahali ambapo tabia yake inaonekana kweli. Mwingine ni magereza yenyewe, au mashirika na makanisa yanayoingia humo. Hakikisha usajili wako kama mshauri unafuata sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014. Mshahara hautakufurahisha.

Mama Achieng alikataa kuiondoa kesi ya pili, ingawa alitumiwa wajumbe mara nne. Alipata amri ya ulinzi, na sasa anaishi mji mwingine ambao sitautaja. Kila mwezi namtumia ujumbe. Kuna miezi anajibu.

Kama bado unaitaka kazi hii, njoo Alhamisi. Kikao cha wanaume huanza saa nne. Kundi la sasa lina watu 14, na yupo mmoja ambaye wiki jana aliniambia "jicho liliumia". Mkewe anauza ndizi Ahero. Simu yake huwa mkononi mwake saa mbili hadi saa tatu asubuhi, akiwa sokoni, na nimemwahidi kwamba nitapiga ndani ya saa hiyo. Kwa hiyo fika mapema.