Mezani Kuna Wageni wa Mara Mojamoja

SWALI: Tunacheza Dungeons & Dragons, toleo la 5, mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi kwa dadu, kila mtu akiwa na mhusika wake, kila Jumamosi. Tuko wanne wa kudumu. Wenzetu wawili, mmoja wakala wa forodha Tunduma, mwingine mkulima wa viazi Umalila, hutokea mara moja kwa mwezi, tena bila taarifa. Wakija hadithi inapinda, wakikosa inakwama. Tuwaondoe?
Mwongoza mchezo, Mwanjelwa, Mbeya

JIBU: Msiwaondoe, ila msiwabebeshe hadithi. Ufunguo wa hekalu au kisasi kinachoendesha mkasa akipewa mtu ambaye msimu wa kuvuna viazi haonekani, lazima mkwame. Vitu hivyo vibaki kwa wale wanne.

Ngazi za wahusika, yaani viwango vya nguvu zao, ziwe sawa kwa wote, aliyekuja na asiyekuja. Mtasikia ni upendeleo, pigeni hesabu. Mpiganaji wa ngazi ya 3 mwenye nyongeza ya siha +2, kwa wastani wa kitabu cha kanuni, ana pointi 28 za uhai; zikiisha anaanguka. Kundi likifika ngazi ya 5, wachawi wa upande wa pili huanza kurusha mpira wa moto: unaondoa uhai kwa jumla ya dadu 8 za pande 6, wastani 28. Mgeni wenu aliyebaki ngazi ya 3 akishindwa kukwepa anaanguka raundi ya kwanza, anabaki kuchezea simu. Wa ngazi ya 5 ana 44. Anaungua, lakini anasimama. Achaneni na pointi za uzoefu za mtu mmojammoja, zinazompandisha ngazi peke yake. Pandeni pamoja kila sura inapoisha.

Kikao kiishie mahali salama: kambini, langoni mwa mji. Mkikatia pangoni, semeni asiyekuwepo yuko nyuma analinda punda: hapigani, hafi, hapati mgawo wa hazina. Msimpe mwenzake amchezeshe bila ruhusa. Mhusika akifia mikononi mwa mtu mwingine, ugomvi wake hauishi leo.

Pambano liandaliwe kwa watu wanne. Akiongezeka mmoja, ongeza maadui wadogo wawili. Usimwongezee uhai yule mkubwa. Yeye ana zamu moja, wao wana tano: atakufa vilevile, ila baada ya kuwachosha.

Karatasi za wahusika wao uzitunze wewe. Wapeni wapiganaji wa kawaida, si wachawi wenye orodha ndefu ya kusoma upya kila wakija.

Taarifa itumwe kwenye grupu la WhatsApp, mwisho Ijumaa saa 2 usiku. Atakayetokea kimyakimya, mpeni adui mmoja amchezeshe jioni hiyo. Wengine huko ndiko hunogewa zaidi.