Mtoto Wangu Ameniuliza Kama Yeye Ndiye Asiye na Imani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua, hapa Moshi. Mtoto wangu wa pili ana miaka 10 na ana ugonjwa wa selimundu (sikoseli), uliogunduliwa akiwa na mwaka mmoja na nusu. Tangu siku hiyo nimeomba, nimefunga na nimekesha. Nimempeleka kwenye mikutano ya injili mara tatu, na mara zote alipandishwa jukwaani akaulizwa kama amepona, akajibu ndiyo. Mara ya mwisho tuliambiwa tutupe dawa ili kuonyesha kwamba tunaamini, nami nikazitupa. Baada ya wiki tano alilazwa siku 11 na akaongezewa damu. Wenzangu wa kikundi cha maombi wanasema kuna laana katika ukoo wa mume wangu, au dhambi ambayo mimi sijaitubu. Kwaya nimeacha. Nikipiga magoti maneno hayaji. Juzi usiku nilipokuwa namkanda miguu kwa kitambaa cha maji ya moto, mtoto aliniuliza, "Mama, mimi ndiye sina imani?" Sikumjibu. Shangazi, je, Mungu amenikataa, au ni mimi nisiyejua kuomba? Na nikiacha kumwombea uponyaji, nitakuwa nimetenda dhambi?

Mama wa Pasua

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na pole kwa mtoto.

Barua yako niliisoma asubuhi, nikairudia jioni, na mara zote mbili nilikwama mahali pamoja. Umeniuliza maswali yako mwenyewe, nami nitayafikia, lakini swali lililonifanya niiweke barua mezani ni la mtoto wako, ambalo umelitaja kwa mstari mmoja na kulipita. Nitaanza nalo, kwa sababu wewe ni mtu mzima na unaweza kungoja jibu siku chache zaidi, ilhali yeye anakwenda kulala nalo kila usiku.

Mtoto aliyesimamishwa mbele ya umati, kipaza sauti kikiwa kinywani mwake, akiulizwa na mtu mzima anayeheshimiwa kama amepona, huku akimwona mama yake pale chini akilia kwa furaha, hana jibu lingine la kutoa ila ndiyo. Hakusema uongo, alitii. Kisha maumivu yakarudi, naye akapiga hesabu yake kimya kimya: walisema mwenye imani hupona, mimi sikupona, basi mimi sina imani. Hesabu ameipiga vizuri kabisa; kilicho kibaya ni kile alichofundishwa kabla ya kuipiga. Amebeba maumivu ya mifupa tangu utotoni, na sasa tumemtwisha pia kosa la kuumwa.

Mjibu leo, kabla hajalala. Mwambie kwamba hakukosa chochote, kwamba ugonjwa huu alizaliwa nao, kwamba umo katika damu aliyopewa na wewe na baba yake nanyi mlikuwa hamjui, na kwamba Mungu hajamkasirikia. Kisha mwambie kwamba dawa ulizitupa wewe, yeye hana lawama, na umwombe msamaha. Najua neno hilo la mwisho ni zito kwa mzazi kumtamkia mtoto wake. Ulitamke hata hivyo, maana yule aliyelala siku 11 wodini anahitaji kusikia kutoka kinywani mwako kwamba si yeye aliyeshindwa.

Kuhusu laana ya ukoo, wanafunzi wa Yesu waliuliza jambo hilo hilo walipokutana na mtu aliyezaliwa kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu akawajibu kwamba huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake. Habari hiyo imo katika Yohana sura ya 9, na ningependa uisome ukiwa na mume wako, kwa sababu nahisi naye ameumia kwa maneno ya wenzako wa kikundi ingawa hukuandika. Selimundu haitoki upande mmoja. Mtoto huugua pale tu anaporithi kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, na wazazi wote wawili wanapobeba urithi huo bila kuugua, katika kila mimba kuna uwezekano wa 1 kati ya 4 kwamba mtoto atazaliwa na ugonjwa. Kwa hiyo anayeunyoshea kidole ukoo wa mume wako hajui anachokisema. Na lipo jambo ambalo wahubiri wa laana hawalielezi: urithi huu umeenea katika nchi zenye malaria kwa sababu mtu anayeupata kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Kitu kile kile wanachokiita laana kiliwavusha watoto wengi wa mababu zetu wasife kwa homa. Mwanao amelipata fungu zito la urithi huo, na hilo linauma kweli, lakini hakuna aliyemlaani.

Sikulaumu kwa kwenda kwenye mikutano. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walifariki hapa hapa Moshi kwa kukanyagana katika ibada ya uwanjani, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako yaliyokuwa yamemwagwa chini, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Nilisikia watu wakiwaita wajinga, na maneno hayo yaliniudhi sana. Mtu aliyeuguliwa kwa miaka, aliyeuza alichokuwa nacho, akisikia kwamba hatua kumi mbele yake pana uponyaji, atakimbia. Uhitaji wao ulikuwa wa kweli, na wako ni wa kweli. Ninachokikataa kwa nguvu zangu zote ni mtu kuuchukua uhitaji huo na kuugeuza kuwa mtihani, akakuambia uthibitishe imani yako kwa kutupa dawa za mtoto, wakati yeye mwenyewe hatakuwapo usiku mtoto atakapokuwa anapiga kelele za maumivu.

Kanisa lenyewe katika mkoa wetu halijawahi kuitenga dawa na maombi. Machame na Marangu kuna hospitali za Walutheri, Kibosho na Huruma kule Rombo ni za Wakatoliki, na hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilianzishwa na makanisa kupitia shirika lililopewa jina la Msamaria Mwema, yule aliyemfunga majeruhi vidonda vyake, akavitia mafuta na divai, na kumlipia mahali pa kulala. Rudi kliniki wiki hii. Mwambie daktari ukweli wote, kwamba dawa zilitupwa na lini, ili apange upya matibabu kwa kujua alipo mtoto. Kama zilikuwamo za haidroksiyurea, ujue kwamba dawa hiyo hupunguza mara ambazo maumivu humjia mgonjwa, lakini sharti inywewe kila siku na damu ipimwe mara kwa mara. Ukiiacha, kinga yake nayo inaondoka. Na mtoto akipata homa, usingoje mkesha uishe. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, kisha omba ukiwa njiani.

Sasa nije kwako. Umeuliza kama Mungu amekukataa, au kama ni wewe usiyejua kuomba. Katika waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 4, mwishoni kabisa, Paulo anapotoa salamu na habari za ndugu, kuna mstari ambao wengi tunaupita. Anasema, "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Siku hizi ukimwambia mtu "hawezi", atakuuliza hawezi nini. Katika Kiswahili cha waliotafsiri Biblia ile, kutoweza ni kuumwa, na waswahili wa pwani hadi leo husema fulani hawezi, wakimaanisha ni mgonjwa. Paulo huyu ndiye ambaye Matendo ya Mitume inasema leso na nguo zilizotoka mwilini mwake zilipelekwa kwa wagonjwa nao wakapona. Rafiki yake mwenyewe, aliyesafiri naye nchi kavu na baharini, akamwacha njiani akiwa mgonjwa. Hakuandika kwamba Trofimo alikosa imani, wala kwamba kulikuwa na dhambi nyumbani kwao, wala hakujitetea yeye mwenyewe kwamba aliomba vibaya. Aliandika tu kwamba hawezi, akaendelea na salamu. Nimeupenda mstari huo miaka mingi kwa sababu unamwacha mgonjwa awe mgonjwa, na bado awe ndugu.

Paulo mwenyewe alikuwa na mwiba wake, akamsihi Bwana mara tatu autoe, nao haukutolewa. Bwana wetu aliomba mara tatu Gethsemane kikombe kimwepuke, na asubuhi yake akasulubiwa. Ukisema kwamba aliyeomba asipate amekataliwa, utajikuta umewatia na hao katika kundi la waliokataliwa. Kwa nini mtoto huyu aponywe na yule asiponywe, hilo hakuna mwanadamu aliyefunuliwa. Ayubu aliuliza kwa sura nyingi, Mungu akamjia na kusema naye, lakini sababu ya mateso yake hakuambiwa. Marafiki zake ndio waliokuwa na sababu tele, nao ndio waliokemewa mwishoni kwamba hawakunena yaliyo sawa. Jambo jema walilofanya lilikuwa la mwanzo, walipoketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Kikundi chako kingeishia hapo pia, kingekuwa kimekusaidia sana. Wiki hizi usiende kwao. Wakikuuliza, waambie kwa heshima kwamba unamuuguza mtoto, na atakayependa kukusaidia aje akufulie shuka.

Unasema ukipiga magoti maneno hayaji. Nilipita hapo. Mama yangu alilala wodini wiki saba baada ya kupata kiharusi, nami katikati ya wiki ya tatu niliacha kuomba. Sikuamua kuacha, nilikuwa natazama dripu ikidondoka na ndani yangu hapakuwa na kitu. Mama mmoja mzee wa usharika wetu alikuwa akija kila Alhamisi saa ya kuona wagonjwa, akiwa na hotpoti ya mtori iliyofungwa kwenye kanga. Alimlisha mama kijiko kidogo kidogo, akampangusa kidevu, akaketi. Siku moja nikamwambia ukweli kwamba siwezi tena kuomba. Hakushtuka wala hakunifungulia Biblia. Alisema, "Basi pumzika. Mimi nipo zamu; yako ikifika utaomba." Mama hakupona, tulimzika mwezi uliofuata. Lakini mimi sikupotea, na najua ni nani aliyekuwa ameshika kamba wakati mikono yangu imelegea.

Kwa hiyo tafuta mtu wa zamu. Awe mzee wa kanisa, au jirani wa jumuiya yenu, au mchungaji wako kama ni msikivu, mtu mmoja asiyehitaji kusikia habari njema kutoka kwako kila mnapoonana. Na usiku ule ambao huna la kusema, fungua Zaburi ya 88 uisome kwa sauti ya chini. Nyingine nyingi huanza kwa kilio zikaishia kwa shukrani, lakini hiyo huanza kwa kilio na neno lake la mwisho ni la giza, na hata hivyo imewekwa ndani ya Maandiko ili watu wa Mungu waisali. Aliyeitunga alikuwa anamlalamikia Mungu, na kumlalamikia ni kusema naye bado. Wewe pia, kwa kuniandikia na kuuliza kama Mungu amekukataa, umeonyesha kwamba hujamwacha, maana mtu aliyeacha hasumbuliwi na jibu.

Kuhusu kuacha kumwombea uponyaji, si dhambi. Paulo aliomba mara tatu, kisha akaacha kuomba jambo hilo, wala hakuacha kuomba. Mimi nisingekushauri uufunge mlango huo moja kwa moja, kwani Mungu hazuiwi na kuchoka kwetu, lakini ningekushauri upunguze ombi lifikie kimo cha siku moja. Omba alale usiku huu hadi alfajiri. Omba mshipa upatikane kwa sindano ya kwanza. Omba mume wako asiyaweke moyoni maneno ya watu. Maombi ya kimo hicho utayaweza hata ukiwa umesimama jikoni, na mengine yakijibiwa, utayaona.

Kwaya usijilazimishe. Lakini Jumapili hii nendeni kanisani nyote watano, na kwa kuwa asubuhi za Moshi miezi ya Juni na Julai zina baridi, na baridi humwamshia mtoto wako maumivu, acheni ibada ya kwanza mwende ya pili, jua likishapanda. Mvalishe sweta na soksi. Mpe chupa yake ya maji, maana upungufu wa maji nao humletea maumivu, kisha umwone mwalimu wake wa shule ya Jumapili kabla hawajaanza, umweleze kwa faragha kwamba mtoto huyu hunywa maji mengi kuliko wenzake, na akinyoosha mkono kuomba kwenda kujisaidia aruhusiwe kila mara bila kuulizwa.