Usinunue taa kabla ya kulipima bika lako gizani

Mkuu, acha kwanza habari ya taa. Unasema titani dioksidi, ule unga unaovunja uchafu wa majini ukimulikwa, imeondoa karibu rangi yote ya methilini buluu, ile dawa ya rangi ya majaribio, kwa saa moja, na unauliza taa ipi ununue, kwa bei gani, na kama mtambo huo utafaa maji machafu ya kiwanda cha vitenge. Mimi nakuuliza: je, bika lako, chombo hicho cha maabara chenye maji na unga, ulilikoroga gizani kwanza?

Muuzaji wa unga huo, mtu ambaye nashuku hata chai huipima sukari kwa kuitazama, aliniapia kwamba rangi ikipotea basi uchafu umekwisha. Nilimaliza fedha za mradi kwa taa na tangi, nikawaalika wafadhili waje kuyaona maji meupe. Maji yalikuwa meupe kweli, ila unga uliotuama chini ulikuwa wa buluu. Molekuli za rangi hiyo zina chaji chanya, na uso wa titani dioksidi hupata chaji hasi pH inapopanda kupita 6 na kitu, kwa hiyo sehemu kubwa ya rangi ilikuwa imenata juu ya chembe bila kuvunjwa, na taa zangu za gharama zilikuwa zinawapendezesha wageni tu.

Hata ile iliyoguswa na mwanga haikuwa imekwisha. Spektrofotometa (chombo cha kupima mwanga unaofyonzwa na maji) iliyowekwa kwenye mwanga wa nanometa 664 huona rangi peke yake. Molekuli ikikatika kidogo, au ikigeuka kuwa ile hali yake isiyo na rangi ambayo hurudia ubuluu ikikutana na oksijeni, chombo husoma sifuri ilhali kaboni bado imo majini. Nilipopima hatimaye jumla ya kaboni ogania, yaani kaboni yote ya uchafu iliyobaki majini, ilikuwa imeshuka kwa kiasi kidogo cha kuaibisha.

Kwa hiyo koroga gizani hadi kipimo kisibadilike, yaani unga umalize kunata rangi, na hapo ndipo saa yako ianze kuhesabu. Weka bika jingine lenye mwanga bila unga, tenganisha unga kwa sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, kabla ya kusoma, pima kaboni ogania mwanzo na mwisho, kisha rudia yote kwa fenoli, ambayo haina rangi ya kukudanganya.

Kuhusu taa, anatasi, aina mojawapo ya fuwele za titani dioksidi, huhitaji nishati ya elektronivolti 3.2 ili ifanye kazi, yaani mionzi ya urujuanimno iliyo chini ya nanometa 388 hivi. Taa nyeupe ya LED ya dukani haifiki huko, hata muuzaji akiapa.