Stata Ikibofya Leo na Kuzunguka Kesho

Gari lililokufa moja kwa moja lina nafuu yake: ubovu upo, unakusubiri uupime. Linaloumiza kichwa ni lile linalowaka asubuhi, linawaka mchana, linagoma jioni pale sheli baada ya kujaza mafuta, na kesho yake mbele ya fundi linawaka mara ishirini mfululizo. Hapo ndipo mwenye gari hununua betri mpya, mwezi unaofuata stata (mota inayozungusha injini ili iwake), baadaye altaneta (inayochaji betri), na ugonjwa uko palepale. Kila kifaa kilibadilishwa gari likiwa zima, kwa kukisia.

Ubovu wa kuja na kuondoka hupimwa gari likiwa limekataa, dakika hiyohiyo, kabla mtu hajaligonga, hajalisukuma wala hajaazima betri ya jirani. Ukishaliwasha kwa ujanja, ushahidi umekwenda. Kwa hiyo mwenye gari la umri, tuseme Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini ya 5A-FE, nashauri aweke kwenye buti mita ya dijitali, taa ya testa ya volti 12, spana namba 10 na kipande cha msasa.

Kabla ya kugusa chochote, tofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya wanaposema "gari haliwaki". Ama injini haizunguki kabisa, ama inazunguka vizuri lakini haishiki moto. Ni magonjwa mawili tofauti, na betri mpya haitibu hili la pili.

Kama haizunguki, washa taa kubwa, piga stata, kisha sikiliza huku ukitazama taa. Mlio wa haraka wa ta-ta-ta-ta na taa zinazofifia maana yake umeme hautoshi: betri imechoka au vichwa vyake (vibanio vya waya kwenye nguzo) vimelegea au vina kutu. Kishindo kimoja kizito, "ko!", taa zikabaki na nguvu zake, maana yake amri ya ufunguo imefika, solenoidi (swichi ya sumaku iliyo kwenye stata) imevuta, lakini umeme mkubwa haukuvuka kwenda kwenye mota. Kimya kabisa, taa zikiwaka vizuri, maana yake amri yenyewe haikufika kwenye stata.

Anza na betri kwa sababu ni rahisi kuipima. Ikiwa imetulia saa chache bila kuchajiwa, iliyojaa husoma volti 12.6 hivi; 12.2 ni nusu tu. Namba hiyo peke yake inadanganya. Betri iliyochoka inaweza kusoma 12.5 ikiwa imelala, ikapewa mzigo ikaanguka hadi 7. Mwambie mtu apige stata huku mita iko kwenye betri: isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwa inanguruma, mita isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikikaa 12.3, altaneta haichaji, na betri yoyote utakayonunua itakufa vilevile.

Sasa kipimo ambacho gereji nyingi hukiruka, nami nakiona ndicho chenye thamani kuliko vyote: volti zinazopotea njiani. Weka ncha nyekundu ya mita kwenye nguzo ya risasi ya chanya yenyewe, usiiweke kwenye kichwa kinachoibana, na ncha nyeusi kwenye ile nati kubwa ya stata inayopokea waya mnene. Mwenzako apige stata. Ukisoma zaidi ya volti 0.5, waya huo au kichwa chake kinakula umeme. Kisha upande wa hasi: ncha moja kwenye nguzo ya hasi, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Hapa ikizidi 0.3 hivi, tatizo ni ethi, yaani waya wa hasi unaounganisha betri na chuma cha gari. Kipimo hiki kina maana pale tu stata inapovuta umeme, kwa hiyo kama ni kimya, ruka uende kwenye amri, nitakuja huko.

Kwenye magari yetu ya zamani ethi ndiyo mgonjwa asiyetazamwa. Waya kwa nje ni mzima, lakini ukilichana ganda karibu na kichwa unakuta unga wa kijani umekula nyuzi za shaba, zimebaki chache. Asubuhi zinatosha, injini ikipata joto hazitoshi. Usiukwangue waya wa namna hiyo. Kata, weka mpya wenye unene uleule. Vichwa vyenye ukungu mweupe vioshe kwa maji ya moto yenye kijiko kikubwa cha magadi soda, vikauke, piga msasa nguzo na ndani ya kichwa, kaza, ndipo upake vaselini kwa juu. Unapofungua, hasi itoke kwanza. Unapofunga, hasi iwe ya mwisho.

Tuje kwenye ule mlio wa "ko!". Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo stata ni ya Denso, na ugonjwa huu una chanzo kinachojulikana: vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi. Kila unapopiga stata, sahani ya shaba iliyo kwenye mchi wa solenoidi hurushwa mbele na kuvigusa vyote viwili kwa pamoja, na umeme wote wa mota hupita hapo. Kila mguso huruka cheche, kila cheche hula shaba kidogo. Baada ya miaka, kipande kimoja, mara nyingi kile cha upande wa betri, kimechimbika hadi sahani inakifikia kwa shida. Mbona basi kesho inazunguka? Kwa sababu ile sahani ni ya mviringo na hujizungusha kidogo kila inaporudi. Leo imetua kwenye bonde, kesho imetua kwenye ukingo ambao haujaliwa. Ndiyo maana ukipiga ufunguo mara sita, ya saba inashika.

Dawa yake ni vile vipande viwili, na mchi kama sahani yake imeliwa, wala si stata nzima. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na stata ya mtumba, ambayo nayo inaweza kuja na shaba zilizoliwa vilevile. Ondoa hasi ya betri, shusha stata (bolti zake mara nyingi ni namba 14), kisha fungua kifuniko cha duara cha solenoidi chenye skrubu tatu za namba 8. Mchi utatoka pamoja na springi yake. Kabla ya kulegeza nati za shaba, piga picha kwa simu jinsi washa (vile viduara bapa vya chini ya nati) na vizuizi vya plastiki na karatasi ngumu vilivyopangwa. Ukikosea mpangilio upande wa betri, bolti yenye umeme itagusa bodi ya stata na waya utaungua mara tu utakaporudisha hasi. Shaba mpya zikae kimo kimoja. Zipake wino wa kalamu, sukuma mchi kwa kidole, utazame kama sahani imefuta wino pande zote mbili. Ikifuta upande mmoja, legeza upange upya. Usikaze kwa nguvu zote, plastiki ya zamani hupasuka. Na kama utaendelea hadi kutenganisha nyumba ya gia, jihadhari: kuna gololi moja ya chuma kati ya mchi na klachi ya stata, ikidondoka bila wewe kujua stata haitafanya kazi.

Stata inayokubali baada ya kugongwa kwa nyundo kwa kawaida ina kaboni (vipande vinavyopitisha umeme kwenda kwenye mota inayozunguka) zilizokwisha. Kugonga kunazisogeza kidogo. Kunakufikisha nyumbani, basi.

Kimya nacho kina njia yake. Gari likiwa kwenye gia ya P au N, hendibreki juu, wala mtu asisimame mbele ya matairi, weka mita kwenye ule waya mwembamba wa solenoidi, Toyota huuita 50, na ufunguo ushikwe kwenye stata. Ukisoma chini ya volti 8, amri ni dhaifu. Kama ni otomatiki, jaribu kuliwasha kwenye N. Likikubali N na kukataa P, swichi ya gia ndiyo yenye lawama. Kama linagoma likiwa la moto tu, mara nyingi swichi ya ufunguo iliyochakaa inapunguza volti, na joto la injini linaiongezea koili ya solenoidi ukinzani: shaba ikipanda nyuzi 60, ukinzani wake hupanda karibu robo. Tiba nzuri ni rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) ya miguu minne karibu na betri, kwa namba za miguu yake: 30 kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 30, 87 kwenye solenoidi, 86 kwenye ule waya wa zamani wa amri, 85 kwenye ethi. Ufunguo sasa unabeba umeme wa rilei tu.

Kabla ya rilei, lakini, inama chini ya usukani. Alamu nyingi za kufungwa mitaani hukata waya huohuo wa stata na kuuunga kwa kusokota na gundi ya nailoni. Miaka mitano baadaye kiungo kinacheza. Tingisha furushi la nyaya mtu akiwa ameshika ufunguo. Stata ikishtuka, umeshapata.

Ikiwa injini inazunguka lakini haishiki, tafuta kinachokosekana kati ya cheche na mafuta wakati huohuo wa mgomo. Chomeka plagi ya akiba kwenye waya wa plagi na uilaze ikigusa chuma cha injini. Usiuache waya hewani, unaweza kuua igniti (kifaa kinachoiamuru koili itoe cheche). Cheche ikikosekana injini ikiwa ya moto na kurudi baada ya nusu saa ya kupoa, shuku koili ya cheche au igniti ya distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi). Cheche ikiwepo, sikiliza pampu ya mafuta. Honda za miaka ya 1990 hunguruma kama sekunde mbili ukifungua swichi ya ufunguo bila kupiga stata. Zisiponguruma, gari likiwa limeshinda juani, fungua rilei kuu ndani ya dashibodi: lehemu ya miguu yake hupasuka nyufa nyembamba za mviringo, na kuichoma upya kwa chuma cha kulehemu kunaiponya. Si kila Toyota ya zamani hutoa mlio huo, hivyo kimya chake si ushahidi. Unganisha tundu +B na FP kwenye kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, swichi ya ufunguo ikiwa imefunguliwa, kisha bana kwa vidole mpira wa mafuta unaorudi tanki. Ukisikia mtiririko, pampu ni nzima, na kinachofuata kupimwa ni rilei yake.